Nilirudisha Ushuhuda Wangu

Sijapona. Naanza na hilo ili anayetafuta habari ya muujiza aende akatafute kwingine, asipoteze wakati wake hapa. Nina sukari, nina tansio, presha ya damu, na figo zangu zimeharibika kiasi, na kile kiasi hakirudi. Lakini kilichobaki ni changu. Nakilinda, na yeyote anayekuja kuniambia niache vidonge, hata akija na Biblia mkononi na machozi mashavuni, atanikuta.

Nakuandikia wewe unayekaa hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, au popote pale, umepimwa sukari, umepewa pakiti ya vidonge, na sasa umekaa unasikiliza watu. Mi nilisikiliza watu. Kiswahili changu ni cha Bukavu. Binti yangu Zawadi, ambaye amesoma, amekinyoosha sehemu nyingi, ila nimemkataza kugusa maneno ya wengine. Yabaki vile walivyoyasema.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilizaliwa Kadutu, kulekule Bukavu, nikajifunzia kushona kwa shangazi yangu, na ufundi ndio kitu pekee nilichovuka nacho mipaka yote bila mtu kuniuliza karatasi. Ukiona korale, kwaya ya kanisa, hapa kambini imevaa sare inayokaa vizuri kiunoni, uliza, utaambiwa ni mkono wa Mama Zawadi. Mume wangu, Papa Zawadi, anatengeneza redio na simu. Kanisani ni shemasi. Ndiye anayesimama mlangoni Jumapili akikuonyesha pa kukaa, amevaa koti lake la kijivu hata Oktoba jua likichoma.

Sukari yangu ilijulikana mwishoni mwa baridi. Nilikuwa nakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na njia ya chooni nilikuwa naijua hata macho yakiwa yamefungwa. Zawadi alinivuta kliniki. Lazima nikueleze kliniki ile ilivyo, kwa sababu mambo yote yalitokana na hapo. Ina baraza ndefu inayotazama barabara. Wagonjwa wa sukari na tansio huitwa Jumanne, wanakaa pale barazani kwa mstari, na kila anayekwenda sokoni, au kuchota maji, au kwenye maombi, anapita akiwatazama usoni. Hakuna siri pale. Ukikaa leo, kesho hata walio mwisho wa kambi wanajua.

Nilikaa. Nilikunywa vidonge vyangu asubuhi na jioni, na nilikuwa naendelea vizuri tu, bila makelele. Kisha mvua zikaanza.

Mvua za kwanza, kanisa letu hufunga. Siku tatu kavu: chakula hakuna, maji hakuna, hata mate unaona haya kuyameza. Anayeongoza ni Mama Mwavita, mkubwa wa waombezi, mjane kutoka Uvira, mwanamke wa sauti inayofika barabarani bila maikrofoni. Nilimpenda, na nampenda hata sasa, usije ukafikiri nataka kumsema vibaya. Nilipofiwa na mama yangu kule Bukavu nisiweze kwenda kumzika, Mama Mwavita alikaa kwangu juma zima akinipikia.

Alikuja akanikuta nimeshika kidonge.

"Mama Zawadi, sukari njo nini mbele ya Mungu? Sukari si ni kitu ya kuyeyuka? Wacha ile bidonge, siku tatu tu. Tutapiga magoti pamoja."

Nikafunga. Siku ya nne, tumbo tupu, midomo imepasuka, akanipeleka mwenyewe kliniki nipimwe. Muuguzi akanitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akasema, "Leo iko vizuri." Hilo tu. Alikuwa na watu wengi wa kupima. Mama Mwavita hakungoja neno la pili, alipiga vigelegele palepale barazani.

"Mumesikia? Vizuri! Ile ugonjwa imetoka!"

Jamani! Mtu hajatia kitu kinywani siku tatu, sukari itatoka wapi? Hata ndoo usipoijaza haina maji. Lakini siku ile hata mimi sikufikiri hivyo. Nililia kwa furaha.

Sasa kwetu, Mungu akikutendea, unatoa ushuhuda. Kila Jumapili kuna saa yake. Huyu kapata mtoto, huyu ameitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, huyu mguu umenyooka. Ushuhuda ukiwa mkubwa, wanawake wanavua vikwembe walivyojifunga juu ya nguo na kuvitandika chini, nawe unatembea juu yake mpaka mbele. Nilitembea. Chini ya miguu yangu niliona vitambaa nilivyovikata mwenyewe. Nikashika maikrofoni nikasema, nimepona, sina sukari tena, vidonge nimeviacha. Kanisa lilisimama. Papa Zawadi, mlangoni, alikuwa akijipangusa macho kwa mkono wa koti.

Niambie basi wewe unayesoma. Mtu aliyetembea juu ya vikwembe vya wenzake Jumapili, atakaaje kwenye baraza ya sukari Jumanne? Anayepita barabarani ataona nini? Ataona mwongo, au ataona Mungu aliyeshindwa. Kwa hiyo sikwenda Jumanne ile, wala zilizofuata. Hakuna aliyenifunga kamba. Aibu ilitosha.

Mvua zile zikapita, mahindi yakavunwa, baridi ikaja ikaondoka, na mvua nyingine zikaja. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa sababu ya kuinama kwenye mashine, basi nikawa nanunua vidonge vya maumivu dukani, vile vya diklo vinavyouzwa viwiliviwili, nikavimeza kama njugu. Vya sukari nilivionea aibu, vya mgongo hapana. Figo zangu zilikuwa zinapigwa pande zote mbili na mimi nikipiga pedali nikiimba.

Kisha nikaanza kunona. Ndivyo watu walivyosema. Asubuhi macho yalikuwa yamejaa, mashavu yamejaa, na kina mama wakanisifu njiani.

"Mama Zawadi, unanona! Mungu anakutendea!"

"Dzaleka inakupenda, mama!"

Na mimi nacheka, naitikia amina! Wakati huohuo kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni nisidungwe na sindano kilikataa kuingia. Nikakihamishia kidole kidogo. Baadaye hata kidole kidogo kikakataa, nikashona bila, nikadungwa. Viatu vya kanisani nikavikanyaga kisigino. Mkojo ukawa na povu, povu jeupe la kukaa, kama mtu amemwaga sabuni ya unga kwenye beseni. Nilipanda ngazi mbili za kanisa nikahema mpaka nikashika ukuta, nikasema ni uzee.

Zawadi ndiye hakudanganywa. Asubuhi moja ya Jumapili aliniinamia anifungie mkanda wa kiatu, akanibonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili. Lilikaa pale, wala halikuwa na haraka ya kujaa.

"Mama, hii si kunona. Hii ni maji."

"Wacha maneno, tunachelewa ibada."

"Na povu? Unafikiri mi sioni beseni? Papa! Kuja uone mguu ya mama!"

Papa Zawadi akaja na koti lake, akaona shimo lile. Kisha akasema, "Tuombe kwanza."

"Mutaomba njiani," Zawadi akamjibu baba yake, hivyo hivyo, bila kupepesa. Sijawahi kumsikia akisema naye vile. Akaenda kunitafutia kabaza, akanipakia nyuma ya baiskeli kama gunia la mkaa, na yeye akakimbia pembeni mpaka kliniki.

Kliniki ikanipima tansio mara mbili kwa kutoamini, ikaniandikia niende hospitali kubwa Lilongwe.

Lilongwe nilikuwa naijua kwa vitambaa na vifungo. Sasa nikaijua kwa benchi. Benchi la figo ni refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya watu, na ukifika mapema unakuta wengine wamefika mapema kuliko wewe. Hakuna anayeuliza uko wa taifa gani. Wote mnatazama mlango mmoja. Zawadi alisimama, mimi nikasogezewa nafasi na bwana mmoja wa makamo, Mmalawi, suti imepigwa pasi, tai imefungwa sawasawa. Nilishika pindo la koti lake kuona mshono, ni tabia yangu, akacheka. Tukaongea Kichewa, changu cha sokoni, chake cha nyumbani. Anakaa mtaa wa Area 18, anafanya kazi Capital Hill kwenye ofisi za serikali, na mara mbili kwa juma anakuja hapa.

"Amayi, umekuja kwa ajili ya nini?"

"Wanasema figo."

"Bado unakojoa?"

Nikageuka kumtazama. Mwanaume mwenye tai, mbele ya watu, ananiuliza habari za mkojo wangu! Nikamwambia, bwana, hayo yanakuhusu nini? Akainua mikono.

"Pepani, amayi, usikasirike. Mimi nimeshasahau ilivyo. Mashine ndiyo inanifanyia."

Akakunja mkono wa shati. Mshipa anaochomwa sindano za mashine ulikuwa umevimba juu ya ngozi, mnene, umejipinda. Akachukua kiganja changu akakiweka juu yake. Ulikuwa unatetemeka, tetete bila kupumzika, kama meza ya cherehani mtu akipiga pedali. Nikautoa mkono wangu haraka.

"Nilikuwa na sukari," akasema. "Nilikuwa na shughuli nyingi, nitakwenda kesho, nitakwenda kesho. Kama bado unakojoa, amayi, wewe ni tajiri. Linda utajiri wako." Akaitwa, akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akaingia kwa mashine yake ya kusafisha damu kama mtu anayeingia ofisini.

Nilibaki pale benchi nikipangusa kile kiganja kwenye kitenge. Siogopi mengi. Nimeshavuka milima na risasi nyuma yangu. Lakini mshipa ule niliuogopa.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko Zawadi, au labda nilimwona hivyo. Alitazama damu yangu, mkojo wangu, miguu yangu. Akauliza vidonge ninavyotumia. Nikataja vya mgongo. Akaweka kalamu chini.

"Na vya sukari?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

Zawadi akanitazama. Nikasema, "Niliombewa nikapona."

Ningemsamehe kama angecheka. Hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kilichokufa kwenye figo kimekufa, hakuna atakayekirudisha, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa miaka mingi, nikitaka. "Unataka?" akaniuliza.

Lile swali liliniudhi mpaka nikasahau ugonjwa. Nataka! Nimetoka Bukavu, nimezika watu njiani, nimeanza maisha upya na mkasi mmoja, halafu niuawe na sukari? Nilimwambia kwa sauti ya kusikika nje, nataka, niambie nifanye nini, nitafanya yote. Zawadi akaanza kulia pale pembeni, na mimi nikamwambia anyamaze asikilize, maana yeye njo ataniandikia.

Mambo yenyewe si ya ajabu, na wewe muulize daktari wako, usifuate yangu kama sare ya korale, kila mwili una kipimo chake. Mimi niliambiwa: vidonge vya sukari kila siku, vya tansio kila siku, hata siku ninayojisikia mzima kabisa. Chumvi ipungue sana. Vile vya mgongo nisiviguse tena maisha yangu, na mizizi ya kwenye chupa nisinywe. Kufunga kavu ndiyo basi. Na nirudi kupimwa, hata kama siumwi, kwa sababu figo haipigi kelele ikifa.

Uvimbe wa miguu ulianza kushuka msimu wa joto ulipokuwa unakaribia. Nilijua kwa kile kikofia cha kidoleni, kilirudi kidole kidogo kwanza. Kidonge cha kwanza cha tansio kilinipa kikohozi kikavu, kho kho kho mchana kutwa, majirani wakaanza kuondoa watoto wao karibu nami wakidhani kifua kikuu. Zamani ningekiacha kimyakimya. Safari hii nilirudi kliniki nikakohoa mbele yao mpaka wakanibadilishia. Ikikutokea, fanya hivyo, nenda ukakohoe palepale.

Chumvi ndiyo ilileta vita nyumbani. Papa Zawadi ni mtu wa makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye ukimpika nyumba ya tatu wanajua. Siku ya kwanza nilipotenga sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi wala kile kidonge cha kukoleza mchuzi, alionja, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mama Zawadi, haya ni majani ya mbuzi."

"Basi wewe ni mbuzi mwenye bahati, umepikiwa."

Alikwenda kula kwa jirani. Nikamwacha. Zawadi akaanza kutafuta njia, akatia limau, pilipili, vitunguu saumu, nyanya za Mponela zilizoiva mpaka zinapasuka, akakaanga njugu akazitwanga. Baada ya majuma kadhaa niliona mume wangu anachungulia sufuria akidhani sioni. Baadaye akaanza kula, huku akinung'unika, na chumvi yake ameiweka pembeni kwenye kifuniko. Mpaka leo ananung'unika. Lakini anakula.

Na Jumanne nilirudi barazani. Nilikaa mwisho wa mstari, shingo nimeinyoosha, wapita njia wakanitazama. Unajua walijieleza vipi? Walisema, yule alirudi kwa ajili ya tansio tu, sukari ilishakwisha, alitoa ushuhuda. Mtu akishataka kuamini, umwambie nini?

Ningenyamaza, nakwambia kweli. Ningekunywa vidonge vyangu na kuwaacha waseme. Ila siku moja nilikuwa kwenye foleni ya maji, mbele yangu wamesimama wanawake wawili nisiowafahamu, mmoja amebeba mtoto mgongoni, anaongea kama watu wa Fizi. Alikuwa analalamika kwamba wamempima sukari wakampa vidonge vinamharibu tumbo.

"Wacha bidonge," mwenzake akamwambia. "Kuko mama moja, mushonaji, alikuwa na sukari mubaya, akatupa bidonge yote, akaombewa, akapona kabisa. Batu bote banajua."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Alitoa ushuhuda."

"Basi na miye nitaacha."

Ndoo ilinitoka mkononi. Nikawaambia, "Ule mama ni mi." Na hao wakanirukia kunikumbatia! Haleluya, mama, tubariki! Nikasema, hapana, sikupona, mi naumwa, naumwa figo, angalia miguu. Yule wa Fizi akatabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mtu mkubwa anayejishusha, akasema, "Amina, mama," akainua ndoo yake akaenda. Nilimwita, hakugeuka. Mtoto mgongoni alikuwa ananitazama mpaka wakakata kona.

Ushuhuda wangu ulikuwa unatembea bila mimi. Ulikuwa unaingia nyumba nisizozijua na kuwanyang'anya watu vidonge mkononi.

Nikamwambia Papa Zawadi: Jumapili naurudisha.

"Unarudisha nini?"

"Ushuhuda."

Aliacha redio aliyokuwa anaifungua. "Ushuhuda hairudishwe, Mama Zawadi. Umeshaona nani amerudisha?"

"Nguo isipokaa vizuri mtu anarudisha kwa fundi."

"Si nguo! Utaniweka wapi? Mi niko shemasi. Mi ndo nasimama mulangoni. Batu batapita wakiniangalia namna gani?"

"Vile waliniangalia mi barazani."

"Mungu atakuwa mwongo mbele ya kanisa lote!"

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Mungu hakusema kitu! Mi njo nilisema. Muuguzi alisema vizuri, Mama Mwavita akasema imetoka, mi nikasema nimepona. Mungu alikuwa amenyamaza muda wote ule, maskini, tunamsingizia tu!"

Akairudia redio yake. Jumamosi hakusema nami. Jumapili alitangulia kanisani peke yake, na nilipofika mlangoni alinionyesha nafasi kwa mkono, kama mgeni.

Saa ya ushuhuda ilipofika nilipanga mstari na wengine. Aliyekuwa mbele yangu alishukuru kwa kupata kitambulisho. Mama Mwavita alikuwa ameketi mstari wa kwanza, na aliponiona alitabasamu, akaanza kulegeza kikwembe chake atandike. Nikasema, "Mama, usitandike." Nikashika maikrofoni.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Ushuhuda niliotoa hapa, mvua za mwaka juzi, kwamba nimepona sukari. Nimekuja kuurudisha."

Kwanza hawakuelewa. Kuna walioitikia amina kwa mazoea. Nikaendelea: "Sikupona. Sukari ilishuka kwa sababu sikula. Niliacha vidonge, figo zangu zikaharibika." Basi mwenye kuongoza ibada akamkonyeza mpiga kinanda, kinanda kikalia, korale ikasimama ikaanza kuimba kwa nguvu, pambio refu lile lisilo na mwisho. Nia yao ilikuwa nione haya nikakae.

Hawakunijua. Sare zile walizovaa nimezishona mimi. Kiuno cha kila mmoja wao nakijua kwa kichwa, na najua nani alinipunjia kitambaa. Nilisimama pale na maikrofoni nimeishikilia kifuani kwa mikono miwili, nikawatazama mmoja mmoja wakiimba. Waliimba, wakarudia, wakapandisha sauti. Mimi nina mazoezi ya kungoja, nimekaa benchi la Lilongwe. Miguu ilinivuta lakini sikukaa. Mwisho soprano wakaanza kutazamana, besi wakapungua, kinanda kikabaki peke yake, kikanyamaza.

"Asanteni kwa wimbo," nikasema. "Naendelea."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kikamtoroka. Nikatoa vidonge kwenye pochi nikaviinua juu. Nikasema, hivi ninakunywa asubuhi hii, nitakunywa jioni, nitakunywa kesho. Nimekutana Lilongwe na bwana ambaye hakojoi tena, mashine inakojoa kwa niaba yake. Kama kuna aliyeacha dawa kwa sababu yangu, namwomba, arudi Jumanne barazani, atanikuta pale. Na kama kuna anayemjua dada mmoja wa Fizi mwenye mtoto mgongoni, ampelekee habari hii leo, asingoje kesho. Kisha nikasema Bwana asifiwe, na walioitikia hawakufika nusu. Nikatoka kwa mlango ule ule, nikapita mbele ya mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nililipa. Korale moja ilihamishia sare zake kwa fundi mwingine, ambaye, nasema bila wivu, hajui kukata mabega. Kina mama walivuka barabara wakiniona. Papa Zawadi hajawahi kuniambia kwamba nilifanya vizuri, na sidhani kama atasema. Mama Mwavita hakunitazama tena usoni, na hilo liliniuma kuliko korale. Yule dada wa Fizi sijamwona hadi leo. Namtafuta kila Jumanne.

Mahindi yalipokauka mashambani nilirudi Lilongwe kupimwa. Daktari yule yule alipanga majibu ya zamani na mapya sambamba, akayatazama kwa muda mrefu, mimi na Zawadi tukiitazama kalamu yake.

"Figo zako hazijashuka," akasema. "Zimebaki palepale."

Palepale! Kanisani hakuna anayepigiwa vigelegele kwa kubaki palepale. Mimi nilipiga mwenyewe, mle ndani ya chumba cha daktari, mpaka muuguzi akafungua mlango kuona kuna nini. Nilipotoka, yule bwana wa Area 18 alikuwa benchi, amekonda, tai iko vilevile. Aliniona kwa mbali.

"Amayi! Bado?"

"Bado!" nikampigia kelele, na benchi zima likageuka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka naye, na hakuna mtu mwingine pale aliyejua tunacheka nini.

Jumanne iliyofuata nilikuwa barazani mapema. Baridi ilikuwa imeanza, nimejifunika kitenge, natia pindo kwenye sketi ya mtu ili nisipoteze wakati. Mtu akaja akasimama karibu na nguzo, kichwa kizima kimefunikwa na kikwembe, macho tu yanaonekana. Alisimama muda mrefu, anajifanya anangoja mwingine. Lakini kile kikwembe nilikijua. Nilikwisha kutembea juu yake.

"Mama Mwavita," nikasema. "Unatafuta nani?"

Akazidi kujifunika. Nikatazama miguu yake. Viatu amevikanyaga kisigino, na ngozi juu ya kifundo imejaa, inang'aa.

"Tangu lini?"

"Mbele yako," akasema. Ile sauti yake inayofika barabarani, nililazimika kuinama niisikie. "Nilikuwa na sukari kabla yako, Mama Zawadi. Na mi nilitoa ushuhuda, kule Uvira."

Nilikuwa na maneno. Mungu anajua nilikuwa nayo, niliyakusanya mvua mbili. Barabarani watu walikuwa wanapita wakitutazama. Niliweka sindano chini.

"Bado unakojoa?" nikamuuliza.

Alishtuka, akatazama kushoto na kulia. "Ndiyo."

"Basi kuja ukae, we tajiri," nikasema, nikajisogeza kwa mgonjwa wa pembeni, Mama Mwavita apate nafasi.